Shule ya kutwa iliyoanza na watoto 16, na funzo lake kwa shamba la shule yetu

Ukiuliza wazazi wengi shule nzuri ikoje, utatajiwa bweni, ukuta mrefu na mtoto asiyeshika jembe. Leo tunakueleza habari za shule binafsi ya kutwa, ya wavulana na wasichana, iliyoanza kwa wazo tofauti kabisa.

Ni Laboratory Schools ya Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Wengi huiita Lab, yaani maabara.

Nani aliianzisha?

Ni John Dewey, profesa wa falsafa wa chuo hicho. Aliifungua Januari 1896 kwenye nyumba ya kawaida, ikiwa na wanafunzi 16 na walimu wawili. Alitaka kupima mbinu za kufundisha kama mtaalamu anavyopima vitu maabara. Jina likatokana na hapo.

Walisomaje?

Watoto walipika, walishona, walifanya useremala na kusokota nyuzi. Mwaka 1899 Dewey aliwasimulia wazazi mfano mmoja. Kundi la watoto lilichambua pamba kwa mikono, kutenganisha nyuzi na mbegu. Baada ya dakika 30 walipata chini ya wakia moja, yaani haizidi gramu 28. Wakaelewa wenyewe kwa nini zamani, kabla ya mashine za kuchambulia, wazee wao walivaa zaidi sufu kuliko pamba. Hapo kuna historia, hesabu na sayansi ndani ya kiganja kimoja. Mkulima wa Simiyu au Shinyanga hahitaji kufafanuliwa.

Majengo yake

Shule ilihama mara kadhaa. Mwaka 1903 iliunganishwa na shule nyingine na kupata makao mapya katika jengo la Blaine, barabara ya 59. Mfadhili alikuwa Anita McCormick Blaine, binti wa Cyrus McCormick, aliyetajirika kwa kutengeneza mashine za kuvunia ngano. Dewey aliondoka 1904 baada ya kutoelewana na uongozi wa chuo, lakini shule ikabaki. Mwaka 2013 ilifunguliwa kampasi ya pili, Earl Shapiro Hall, kwa watoto wadogo hadi darasa la pili. Mwaka 2015 kampasi ya zamani ikapata jengo la sanaa lenye jina la Gordon Parks, mpigapicha Mmarekani mweusi. Malia na Sasha, mabinti wa Barack Obama, walisoma Lab kabla baba yao hajaingia Ikulu mwaka 2009.

Sisi tunapata nini?

Tuseme ukweli: ada ya Lab ni kubwa, hata kwa wakazi wengi wa Chicago. Lakini kuchambua pamba hakuna ada. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shamba liwe sehemu ya masomo.

Mtoto akipelekwa shambani kama adhabu, anajifunza kulichukia jembe. Akipima nafasi kati ya mistari, akahesabu mbegu zilizoota na kuandika siku mvua iliponyesha, huyo yuko darasani. Na kwa kuwa anasoma kutwa, jioni anarudi na maswali yake nyumbani, kwenye jiko na mifugo.

Basi mzazi, kikao kijacho cha shule usiulize tu shamba limetoa magunia mangapi. Uliza pia watoto wamejifunza nini humo.