Maua ya Naivasha na Sheria ya Uingereza

Ndugu zetu wa vikundi, wengi wetu tuna mtoto au jirani anayekata maua kule Naivasha. Mengine huuzwa Uingereza. Je, mnunuzi wa huko atajuaje kama mkataji hakulazimishwa kazi?

Mwaka 2015 Uingereza ilitunga sheria juu ya utumwa wa siku hizi. Kampuni inayofanya biashara huko na kuuza kwa pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka, lazima itoe taarifa kila mwaka: imefanya nini ili pasiwe na utumwa kwake, wala kwa wanaoiuzia bidhaa. Mkurugenzi huitia sahihi.

Lakini tusidanganyike. Kampuni ikiandika kwamba haijafanya lolote, bado imetimiza sheria hiyo!

Ngao yetu basi iko nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 30, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Hebu kila kikundi kiwakumbushe vijana:

- Usimwachie mwajiri kitambulisho chako.
- Tunza karatasi za mshahara.
- Ukionewa, nenda chama cha wafanyakazi au ofisi ya leba.

Wakaguzi wakija, mwenye karatasi mkononi ana la kuonyesha.