Ndege anayeiga ngoma ya mpinzani: ni wizi au ni kanuni ya mchezo?

Tumepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wetu, mama wa vijana wawili. Anasema jioni moja vijana hao walikuwa wakishindana kwenye mchezo wa Pokémon, mkubwa kwa simu yake na mdogo kwa simu ya mama. Ghafla mdogo akaitupa simu kitandani, machozi yakimlengalenga, akisema ameibiwa. "Ndege wa kaka amefanya mambo mawili kwa zamu moja!" Mkubwa akaapa kwamba hakuiba chochote. Tangu siku hiyo hawachezi pamoja, na hata kuongea ni kwa shida. Mama anauliza: nani mkweli?

Tumelichunguza jambo hilo. Jibu linahitaji maelezo kidogo, kwa hiyo tuanze mwanzo, hata kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu.

Mchezo wenyewe unakwendaje?

Pokémon ulianza Japani mwaka 1996. Mchezaji hukusanya viumbe, huwafunza, kisha huwapambanisha na viumbe wa mchezaji mwingine. Mapambano huenda kwa zamu, si kwa kuwahi kubonyeza. Katika kila zamu, kila mchezaji huchagua jambo moja kwa siri: kiumbe wake ashambulie, ajiongezee nguvu, au atoke aingie mwingine. Wote wawili wakishachagua, mwenye kasi zaidi kwa kawaida hutangulia, na mwenzake hufuata.

Kila kiumbe huingia uwanjani na mbinu zisizozidi nne. Hizo ndizo anazochaguliwa na mchezaji. Lakini tangu michezo iliyotoka mwaka 2002, kiumbe ana kitu kingine pia, nacho ni kipaji. Kipaji hakichaguliwi kwa zamu. Kinafanya kazi chenyewe pale sharti lake linapotimia, kama mlango unaojifunga upepo ukivuma. Ugomvi wa vijana wetu ulianzia kwenye kipaji.

Ndege huyo ni nani?

Anaitwa Oricorio. Alitokea mara ya kwanza katika michezo ya Pokémon Sun na Pokémon Moon, iliyotoka Novemba 2016. Nchi ya michezo hiyo inaitwa Alola, na imebuniwa kwa mfano wa visiwa vya Hawaii. Oricorio hunywa maji matamu ya maua, na ua analonywea ndilo linalombadilisha sura. Akinywa la ua jekundu anakuwa ndege wa moto. La njano humfanya wa umeme, la waridi humpa nguvu za akili, na la zambarau humfanya wa mizimu. Kila sura ina mtindo wake wa kucheza ngoma.

Sura hizo zote nne zina kipaji kimoja, kinachoitwa Dancer, yaani mcheza ngoma. Kanuni yake ni hii: kiumbe mwingine yeyote uwanjani akitumia mbinu ya ngoma na ikafanikiwa, Oricorio huirudia mbinu hiyohiyo papo hapo. Si lazima awe ameifundishwa. Haipunguzi akiba ya mbinu zake. Na kubwa kuliko yote, haimli zamu yake. Kama alikuwa bado hajacheza, ataiga kwanza, kisha atafanya lile alilochaguliwa na mwenyewe.

Hapo ndipo palipotokea mambo mawili kwa zamu moja.

Turudi kwenye pambano la vijana

Kwa maelezo ya mama, mdogo alikuwa na Volcarona, nondo mkubwa wa moto. Nondo huyu anajulikana kwa ngoma iitwayo Quiver Dance. Akiicheza, vitu vitatu hupanda kwa ngazi moja: nguvu ya mashambulizi maalumu, kinga dhidi ya mashambulizi hayo, na kasi. Mashambulizi maalumu mara nyingi ni yale yasiyohitaji kugusana mwili, kama baadhi ya yale ya moto, umeme na upepo. Ngazi moja ni sawa na kuzidisha kwa moja na nusu. Aliyekuwa na 100 anakuwa na 150. Mpinzani asipokuwa na jibu, nondo akicheza mara mbili au tatu hakamatiki.

Mdogo alifikiri vizuri. Nondo wake alikuwa na kasi kuliko ndege wa kaka, akatangulia, akacheza ngoma. Lakini ngoma ilipokwisha, kipaji cha Oricorio kikaamka. Ndege naye akacheza Quiver Dance, akapanda ngazi zilezile tatu. Kisha ikaja zamu yake halali, akapiga shambulio la upepo. Nondo ni mdudu, na wadudu huumia maradufu kwa mashambulizi ya aina hiyo.

Sasa tupige hesabu. Kinga ya nondo ilipanda kutoka 100 hadi 150. Nguvu ya ndege nayo ilipanda kutoka 100 hadi 150. Ongezeko la mmoja limefuta ongezeko la mwingine, na shambulio likaumiza kama vile hakuna aliyecheza ngoma. Upande wa kasi ni vivyo hivyo: wote wamepanda, nafasi zao hazikubadilika. Tofauti iliyobaki ni moja tu. Mdogo alilipa zamu nzima kuinunua ile ngoma, kaka aliipata bure.

Kwa hiyo mdogo aliona sawasawa: ndege alifanya mambo mawili. Na kaka alisema kweli: hakuiba. Ni kanuni iliyoandikwa ndani ya mchezo, na inafanya kazi vilevile kwa kila mwenye ndege huyo.

Je, kipaji hiki hakina mipaka?

Kinayo, tena mingi.

Kwanza, kinaiga ngoma tu. Shambulio la kawaida la moto au maji halimwamshi ndege. Hata mbinu nyingine za kujiongezea nguvu, kama Calm Mind, haziigwi, kwa sababu si ngoma. Hapa kuna jambo linalowakosesha wengi. Ipo mbinu ya kuleta mvua ambayo kwa Kiingereza inaitwa Rain Dance, yaani ngoma ya mvua. Ungedhani Oricorio ataiiga. Haiigi. Mchezo ulitungwa kwa Kijapani, na kwa Kijapani mbinu hiyo inaitwa Amagoi, maana yake kuomba mvua. Wenyewe hawaihesabu kuwa ngoma.

Pili, kuiga hakuzai kuiga. Oricorio wawili wakikutana, mmoja akacheza, mwingine ataiga mara moja na mambo yataishia hapo. Hawatarudishiana hadi asubuhi.

Tatu, ndege aliyelala usingizi hachezi. Na ngoma iliyoshindikana haimpi chochote cha kuiga.

Nne, na hili ndilo muhimu zaidi, ndege hachagui. Huiga inayomfaa na isiyomfaa. Chukua Swords Dance, ngoma ya mapanga, inayozidisha mara mbili nguvu ya mashambulizi ya mwili. Oricorio si hodari wa mashambulizi hayo. Uwezo wake wa asili upande huo ni 70, wakati upande wa mashambulizi maalumu ni 98. Mbinu yake kuu, Revelation Dance, ni ya upande maalumu. Akiiga ngoma ya mapanga, ni kama fundi cherehani aliyepewa nyundo: amepata kifaa, lakini hakina kazi kwake.

Ipo pia Teeter Dance, ngoma ya kuyumba, inayowachanganya akili wote walio karibu na mchezaji wake, hata wa upande wake. Katika mapambano ya wawili kwa wawili, Oricorio akiiiga anaweza kumvuruga mwenzake mwenyewe.

Kinapendeza zaidi wapi?

Katika mapambano hayohayo ya wawili kwa wawili. Fikiria nondo na ndege wakiwa upande mmoja. Nondo anacheza Quiver Dance, ndege anaiga, na kwa zamu moja ya kucheza, wawili wamepanda. Nondo akiwa na kasi kuliko ndege, faida ni kubwa zaidi, kwani ndege anapiga shambulio lake zamu hiyohiyo akiwa ameshaongezeka. Ndege akiwa ndiye mwenye kasi, atakuwa ameshapiga kabla ngoma haijaanza, na nguvu aliyoipata itamsaidia zamu inayofuata. Kwa hiyo wanaolijua hili hupanga kasi za viumbe wao mapema.

Na ngoma ikiwa ni ya kushambulia? Ikichezwa na mwenzake dhidi ya mpinzani, ndege humgeukia mpinzani huyohuyo. Ikichezwa na mpinzani, ndege humrudishia aliyeicheza.

Mdogo afanye nini siku nyingine?

Akimwona Oricorio upande wa pili, asicheze ngoma. Nondo wake ana mashambulizi ya moto, aanze nayo moja kwa moja. Au amtoe ndege kwanza kwa kiumbe mwingine, kisha nondo aingie acheze uwanja ukiwa salama. Ziko pia mbinu za kuzima kipaji cha mpinzani, mojawapo ni Gastro Acid. Ikimpata ndege, ngoma haiigwi tena hadi atoke uwanjani.

Neno kwa wazazi na wachezaji

Vijana hawa walikuwa wakicheza Pokémon Showdown, ambayo hufunguliwa bure kwenye kivinjari cha simu na haikutengenezwa na wenye Pokémon. Wengine wanacheza Pokémon GO, ambao ni mchezo rasmi wa simu, lakini huo hauna vipaji. Oricorio yumo, ila haigi ngoma ya mtu. Michezo mikubwa kama Pokémon Sun na Moon, au Scarlet na Violet ya mwaka 2022, ilitolewa kwa mashine za Nintendo, si kwa simu. Ukitumiwa kiungo kinachodai kukuuzia Pokémon Sun ya simu, usilipe, na namba yako ya siri ya pesa usiitoe kamwe.

Tukirudi kwa mama yetu: vijana wako wote wawili walisema kweli, na hakuna anayestahili adhabu. Lakini kaka aliijua kanuni na mdogo hakuijua, na kaka alinyamaza. Tungependa amweleze mdogo wake kipaji hicho kinavyofanya kazi, kisha wabadilishane, mdogo ashike ndege na kaka ashike nondo, wacheze tena. Ukipata nafasi, mama, tuletee habari nani ameshinda.