Istilahi za Ibada ya Jumapili: Maelezo kwa Mfasiri Anayemsindikiza Mgeni Kanisani

Mtumishi wa serikali au mwalimu ajuaye lugha mbili huweza kuombwa, pasipo kupewa nafasi ya kujitayarisha, amsindikize mgeni katika ibada ya Jumapili na kumfasiria yatakayosemwa. Mgeni aweza kuwa mtaalamu aliyekuja kutazama mradi wa maji, mwalimu wa kujitolea, au mjumbe wa kanisa la nchi nyingine. Kazi hiyo hudhaniwa kuwa nyepesi, kwa kuwa maneno ya kanisani ni ya kawaida na kila mtu ameyasikia. Sisi twaona kwamba ukawaida huo ndio wenye hatari. Neno lile lile lina maana moja sokoni, nyingine ofisini, na nyingine tena mbele ya altare. Na kanisa la upande huu wa barabara laweza kulitumia kwa maana ambayo kanisa la upande wa pili halikubali.

Katika makala haya tutamfuata mgeni huyo tangu anapoalikwa hadi anapotoka mlangoni. Madhehebu ni mengi, kwa hiyo tutachukua ibada ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, kuwa msingi wa maelezo yetu, na kuyaleta madhehebu mengine pale istilahi zinapoachana.

Tuanze na siku na saa. Jumapili kwa Mkristo ni siku ya kwanza ya juma, ingawa jina lenyewe lasema ni ya pili, kwa sababu hesabu yetu ya siku huanzia Jumamosi. Wakatoliki wana neno lao, Dominika, litumikalo katika kalenda ya liturujia na katika kutaja masomo ya siku. Waadventista wa Sabato husali Jumamosi, nao huiita Sabato. Ama kuhusu saa, mgeni akiandikiwa kwamba ibada ya kwanza huanza saa moja na ya pili saa nne, atafika mchana wakati ibada ya kwanza imekwisha zamani. Mfasiri amwambie kwamba saa hizo zahesabiwa tangu mapambazuko, na amwambie siku moja kabla.

Jina la kusanyiko lenyewe lina mtego. Walutheri husema usharika. Wamoravian, walioanza kazi Rungwe mwaka 1891, husema ushirika. Irabu moja tu yatenganisha maneno hayo mawili, na hilo la pili ndilo pia jina la vyama vya wakulima vya kuuza mazao, na tena ni jina la sakramenti, yaani Ushirika Mtakatifu. Wakatoliki wana parokia, na chini yake vigango, na chini ya vigango jumuiya ndogo ndogo. Neno linalowatatiza zaidi watumishi wa serikali ni mtaa. Usharika wa Kilutheri hugawanywa katika mitaa. Miongoni mwa Waanglikana wako waitao mtaa lile eneo zima la kasisi mmoja. Na mjini mtaa ni ngazi ya utawala yenye mwenyekiti wake. Barua isemayo «viongozi wote wa mtaa wahudhurie» yaweza kuwakusanya wazee wa kanisa na mwenyekiti wa serikali katika chumba kimoja, kila mmoja akishangaa mwenzake amefuata nini.

Hali kadhalika hapana budi kutofautisha ibada, misa na sala. Kwa Mlutheri ibada ni tendo zima la Jumapili. Kwa Mkatoliki tendo hilo ni Misa, na neno ibada hubaki kwa matendo mengine ya uchaji, au kwa ibada ya Neno inayoongozwa na katekista pale ambapo padre hayupo. Mfasiri anayeiita kila Misa «ibada» hakosi sana, lakini anayeiita ibada ya katekista «Misa» amekosa kabisa, kwa kuwa hapo hapana mageuzo ya mkate na divai. Waanglikana wa mapokeo ya misheni iliyofika Unguja mwaka 1864 nao husema misa, na mgeni asidhani kwa neno hilo peke yake kwamba yumo katika kanisa la Kikatoliki. Ama kusali, katika mazungumzo, maana yake ni pana kuliko kuomba. Mtu akimwuliza mgeni «Unasali wapi?» anataka kujua dhehebu lake au kanisa aendalo. Neno hili na kuswali ya Waislamu ni tawi la mzizi mmoja wa Kiarabu. Matumizi yameyatenganisha, na mfasiri ayaache yatenganike.

Undugu wa namna hiyo umejaa kanisani. Kanisa, ibada, msalaba, Injili, kasisi na mimbari yote yametoka Kiarabu, na mimbari ni ile ile ya msikitini. Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ambayo hutumiwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti, yatumia kitenzi kutawadha inapoeleza Yesu alivyowaosha wanafunzi wake miguu. Na Waadventista, ambao hutanguliza tendo hilo kabla ya Meza ya Bwana, husema kutawadhana. Msikilizaji Mwislamu aweza kushangaa, lakini lugha haikukosea njia. Wareno nao walituachia padre. Wakatoliki wana pia mtaguso, kwa maana ya mkutano mkuu wa maaskofu, neno ambalo halitumiki penginepo popote. Ulikuwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliofungua mlango wa Misa kuadhimishwa kwa lugha za wenyeji badala ya Kilatini. Istilahi nyingi za Misa tuzisikiazo leo, basi, zimezoeleka masikioni mwa waumini katika muda usiozidi sana miaka sitini.

Vyeo vifasiriwe kwa uangalifu. Mchungaji ni wa Walutheri, Wamoravian, Waadventista na Wapentekoste. Padre ni wa Wakatoliki na wa baadhi ya Waanglikana. Kasisi hupendwa na Waanglikana wengine. Shemasi wa Kikatoliki amewekwa wakfu kwa daraja takatifu, ilhali shemasi wa Kiadventista ni muumini anayesimamia utaratibu wa kanisa. Mgeni akiambiwa tu kwamba «yule ni shemasi», hajaambiwa kitu.

Ibada yenyewe huanza kwa kengele, kisha maandamano ya kwaya na viongozi. Mgeni atasimama wengine wanaposimama. Aazimwe kitabu cha nyimbo, na hapa tuna neno moja la kusema. Tenzi za Rohoni, kitabu kinachopendwa na Waprotestanti wengi, hakina utenzi hata mmoja kwa maana wanayoijua walimu wa ushairi, yaani ubeti wa mishororo minne yenye mizani minane ambao kina chake cha mwisho huenda hadi mwisho wa shairi. Tenzi hapa ni nyimbo za kuabudia tu, nyingi zikiwa zimefasiriwa. Pambio ni wimbo mfupi wa kurudiwarudiwa, ambao aghalabu huimbwa kwa makofi. Katika makanisa ya Kipentekoste mgeni atasikia pia kunena kwa lugha. Hapo mfasiri anyamaze, maana hiyo si kazi yake, wala si yetu katika Baraza.

Hufuata toba. Walutheri huungama pamoja, na mchungaji hutangaza ondoleo la dhambi. Wakatoliki wana tendo la toba ndani ya Misa, na wana kitubio, ambacho ni sakramenti na hufanywa faraghani mbele ya padre. Kuungama dhambi na kuungama imani ni mambo mawili, ingawa kitenzi ni kimoja. Baada ya masomo na mahubiri watu husimama kutamka imani yao, na Wakatoliki hupenda kuita tamko hilo Nasadiki, kwa neno lake la kwanza.

Matangazo yana sehemu ambayo mgeni hakuitarajia. Ataombwa asimame, ataje jina na atokako, na alisalimu kusanyiko. Si hiari sana. Kukaa kimya huonekana kuwa ni majivuno. Mfasiri amfundishe mapema salamu moja. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti husemwa «Bwana Yesu asifiwe», na watu huitikia «Amina». Kwa Wakatoliki husemwa «Tumsifu Yesu Kristo», na kiitikio ni «Milele, amina». Salamu hizi zikibadilishana makanisa hazimdhuru mtu, lakini hutambulisha atokako msemaji, na pengine huleta kicheko.

Sadaka ni neno zito. Kwa Mwislamu ni kitu atoacho mtu kwa ajili ya Mungu, hasa kwa maskini. Kwa Mlutheri ni fedha au mazao yanayopelekwa mbele. Kwa Mkatoliki ni hayo, na zaidi ya hayo Misa yenyewe ni sadaka, yaani dhabihu. Mahubiri yakisema «sadaka ya Misa» na mfasiri akatamka «mchango wa Misa», ameyageuza mafundisho ya kanisa kuwa hesabu ya fedha. Zaka nayo yafanana na ya Waislamu kwa jina, si kwa kiwango wala kwa masharti. Waprotestanti wengi hukwepa utata huo kwa kusema fungu la kumi. Vipaji, ambavyo shuleni ni akili na ustadi aliozaliwa nao mtoto, katika Misa ni mkate, divai na vitu vingine vinavyopelekwa altareni.

Sasa twafika penye uzito wa makala haya. Tendo lile lile la mkate na divai huitwa Ekaristi na Komunyo na Wakatoliki. Walutheri husema Chakula cha Bwana, Meza ya Bwana, au Ushirika Mtakatifu. Na Waanglikana hupenda hilo la mwisho. Majina hayo hayalingani kwa yote, maana kila moja lina mafundisho nyuma yake na masharti mbele yake. Kwa kawaida Komunyo hupokewa na Mkatoliki asiye na kizuizi. Miongoni mwa Walutheri sharti la kawaida ni ubatizo na kipaimara, neno zuri lililoundwa kwa kupa na imara, na ambalo Wakatoliki pia hulitumia. Lakini kwa Wakatoliki kipaimara ni sakramenti, aghalabu hutolewa na askofu. Kwa Walutheri si sakramenti, na hutolewa baada ya mafundisho ya muda mrefu.

Tuseme mchungaji anatangaza kwamba waliobatizwa, na ambao katika makanisa yao wana ruhusa ya kushiriki, wakaribie mezani. Na mara baada ya hapo aongeza kwamba wageni wote wanakaribishwa kwa chakula nyumbani kwa mzee wa kanisa. Mfasiri aliyechoka huunganisha mawili hayo: wageni wote wanakaribishwa mezani. Mgeni asiye Mkristo, kwa adabu tu, huinuka na kupiga magoti pamoja na wengine. Kiongozi wa ibada ana nukta chache za kuamua kumpa au kumpita mbele ya watu wote, na lolote atakalofanya litaumiza. Hutokea pia kinyume chake. Mgeni ambaye kanisa lake na kanisa hili hushirikiana huambiwa akae, kwa kuwa mfasiri ameogopa kukosea, naye hurudi kwao akisema kwamba alitengwa. Twashauri mfasiri amwulize kiongozi wa ibada kabla ya kengele, kwa maneno ya wazi, nani hukaribia na nani hukaa, kisha amweleze mgeni nje ya kanisa. Wakati wa tendo lenyewe si wakati wa kufasiri kwa kunong'ona.

Baadhi ya wasomaji watatuuliza kwa nini Baraza lisichague neno moja kwa tendo moja, kama lifanyavyo kwa sehemu za injini au viungo vya mwili. Jibu letu ni kwamba injini haina imani. Istilahi husanifiwa pale watumiaji wanapokusudia kitu kimoja; hapa hawakusudii kimoja, na neno tutakalolichagua litakuwa limewahukumu wengine. Kwa hiyo katika ripoti au barua ihusuyo dhehebu moja, litumike neno la dhehebu hilo. Katika waraka unaowahusu wote, yatumike maneno yasiyoelemea upande: ibada ya Kikristo, kiongozi wa ibada, mahali pa ibada. Tunajua kwamba maneno hayo ni makavu. Waraka hauimbwi.

Baada ya baraka ya mwisho watu hutoka kwa wimbo, na katika sharika nyingi za Kilutheri hupanga mstari nje, wakipeana mikono mmoja baada ya mwingine hadi mduara ukamilike. Hapo ndipo mnada wa sadaka hufanyika: mayai, ndizi, kuku, pengine mbuzi. Bei hutajwa kwa haraka na kwa mzaha, na kitu huweza kununuliwa, kikarudishwa, kikauzwa tena, ili fedha zizidi. Mfasiri asimame karibu sana na mgeni wake, amtajie tarakimu zote kwa ukamilifu bila kuruka maelfu, na amwonye asimpungie mkono rafiki aliye ng'ambo ya mduara, isije ikawa jogoo amekwisha kuwa wake.