Mtaa wa Ugenini Hupimwa kwa Saa

Barua ya ajira kutoka hospitali ya Uingereza hutaja mshahara, idara na tarehe ya kuripoti kazini. Familia itakaa wapi, hilo mwajiriwa hujitafutia mwenyewe. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano kuhusu wafanyakazi wa afya, Julai 2021, swali hilo limebisha hodi katika nyumba nyingi za wauguzi. Masharti ya viza nayo yamelifanya kuwa swali la wenye taaluma zaidi: kuanzia tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wanaotunza wazee na wagonjwa majumbani walizuiwa kwenda na familia zao, lakini wauguzi waliosajiliwa waliendelea kuruhusiwa kuwa na mwenzi na watoto. Kwa kawaida wanaojiandaa kuondoka huuliza mambo mawili kabla ya mengine yote: pango ni kiasi gani, na je, watu wa kwetu wapo? Ni maswali ya haki. Hata hivyo, kwa maoni yangu, lipo moja linalopaswa kutangulia: mtaa huu utakula saa ngapi za baba, mama na watoto kila siku, na saa hizo zitazibwa na nani?

Huku nyumbani swali hilo halituumizi kichwa, kwa sababu umbali wetu huzibwa na watu. Familia inaweza kujenga Kitengela huku kazi ikiwa katikati ya Nairobi, au kukaa Kigamboni na kufanya kazi Posta. Wazazi hutoka alfajiri, wakanasa kwenye foleni, wakarudi usiku, na bado mtoto akawa ameoga, amekula na amefanya kazi ya shule. Yupo dada wa kazi, yupo bibi aliyekuja kusalimia akakaa mwaka, yupo jirani, lipo basi la shule linalosimama mlangoni. Kwa hiyo tumezoea kuhesabu kwamba kwenda mbali ni kupata nafuu: kiwanja kikubwa, kodi ndogo, hewa safi. Hesabu hiyo ni sahihi maadamu kazi ya nyumbani ina mikono ya kuifanya. Ukivuka bahari mikono hiyo inabaki nyuma, kilomita ni zilezile, bei yake ndiyo imepanda.

Tuitazame siku yenyewe ilivyo England. Katika hospitali nyingi zamu ndefu huanza karibu saa moja na nusu asubuhi na kumalizika karibu saa mbili usiku. Shule ya msingi hufungua mlango kati ya saa tatu kasorobo na saa tatu, na mara nyingi kufikia saa tisa na nusu alasiri watoto wameshatoka. Muuguzi aliye zamu, basi, hawezi kumpeleka mtoto wala kumchukua. Yote mawili yanamwangukia mwenzake, ambaye naye anatafuta kazi au ameshaipata. Mtoto wa darasa la pili hataruhusiwa kujirudisha nyumbani akifungua mlango kwa ufunguo alioning'iniza shingoni. Sheria ya England haitaji umri kamili wa mtoto kuachwa peke yake, lakini mzazi anaweza kushtakiwa kwa kumtelekeza ikiwa amemweka hatarini, na shirika la NSPCC linalolinda watoto hushauri kwamba walio chini ya miaka 12 ni nadra kuwa wamekomaa kiasi cha kuachwa kwa muda mrefu. Inabaki kulipia malezi ya kabla na baada ya masomo, pale ambapo shule inayo nafasi. Kwa aliyefika karibuni mzigo huo ni mzito zaidi, kwani viza yake kwa kawaida humzuia kupokea misaada ya serikali kama posho ya watoto. Watoto wa miaka 3 na 4 hupata saa 15 za chekechea bila malipo kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, lakini saa hizo zote kwa pamoja hazizidi sana urefu wa zamu moja ya hospitali.

Hapo ndipo ushauri wa kukaa karibu na kazi unapokuwa nusu ya ukweli. Mwaka wa shule una siku 190 za masomo, na kila siku ina safari mbili za mlangoni pa shule. Muuguzi wa zamu ndefu huenda kazini mara 13 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo kitovu cha kupimia ni shule, kisha kazi ya yule mwenzi mwenye saa za mchana. Hospitali ni ya tatu. Naona wengi hufanya kinyume: hupanga nyumba nyuma ya hospitali ndipo waanze kusaka shule. Nafasi ya shule nayo haipatikani kwa kulipa tu kama kwetu. Maombi ya kawaida hufungwa tarehe 31 Oktoba kwa sekondari na 15 Januari kwa msingi, kwa ajili ya masomo yanayoanza Septemba. Anayefika katikati ya mwaka hupewa penye nafasi, na kwa watoto wadogo sheria huweka kikomo cha wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja darasani. Shule nzuri iliyo mita 200 kutoka mlangoni pako inaweza kuwa imejaa, mtoto mmoja akapelekwa mashariki na mdogo wake magharibi, na kengele zote mbili zikalia saa ileile. Kwa kawaida usafiri wa bure hutolewa pale shule ya karibu inayomfaa mtoto inapokuwa mbali kuliko maili 2 kwa aliye chini ya miaka 8, au maili 3 kwa mwenye miaka 8 na zaidi. Chini ya umbali huo ni jukumu la mzazi. Ndiyo maana simu ya kwanza afadhali ipigwe kwa halmashauri, kuulizia madarasa yenye nafasi kwa umri wa watoto wako, kabla hujazungumza na dalali yeyote.

Atakayepinga ataleta karatasi ya pango. Atasema hizi ni hesabu za matajiri, kwamba mshahara wa muuguzi mpya haulipi nyumba iliyo karibu na kila kitu. Tuifanye hesabu yake. Tuseme kitongoji cha mbali kinaokoa pauni 250 kwa mwezi, na kwa siku kinaongeza saa moja na nusu ya safari kwa kila mzazi. Muuguzi anatoka mara 13, mwenzake mara 20. Jumla ni karibu saa 50. Familia imeuza kila saa yake kwa pauni 5, kabla hata ya nauli, katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima kilifika pauni 12.21 kwa saa Aprili 2025. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, katika utafiti wao wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2008, walikuta kwamba wenye safari ndefu za kazini huridhika kidogo na maisha yao, na kwamba nafuu wanayopata kwingine haifidii pengo hilo. Mtu huliona pango kwa sababu linakatwa kwa mkupuo. Saa zinazoibwa dakika arobaini-arobaini hazionekani kwenye taarifa ya benki. Wala pango si gharama yote. Kodi ya halmashauri hupangwa kwa madaraja A hadi H kwa kufuata thamani za nyumba za mwaka 1991, kila halmashauri ikiwa na kiwango chake, hivyo mitaa miwili inayopakana inaweza kutofautiana. Gari nalo, ambalo kitongoji cha mbali hulidai, lina bima ghali kwa dereva mgeni, na leseni ya nyumbani huruhusiwa kwa miezi 12 tu tangu awe mkaazi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kaa na watu wako. Mkaazi mpya wa East Ham au Barking, mashariki mwa London, atasikia Kiswahili barabarani, atapata unga na mtu wa kumweleza fomu za kuombea daktari. Faida hiyo si hisia tu. Edin, Fredriksson na Åslund, katika utafiti wa mwaka 2003 kuhusu wakimbizi waliopangiwa makazi na serikali ya Sweden, waliona kwamba kuishi kati ya wenzao kuliinua kipato cha wale wenye ujuzi mdogo, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo jamii yenyewe ilikuwa na kipato kizuri. Utafiti huo, nikiusoma vizuri, hausemi ukimbilie popote palipo na majina ya kwetu. Unasema majirani hao wanafaa kwa wanachoweza kukupa. Kwa familia ya zamu, wanachoweza kutoa kilicho adimu kuliko vyote ni mkono wa alasiri: mama mwenzio wa shule moja atakayeondoka na mwanao siku treni imekwama. Msaada huo hautoki kwa mtu aliye umbali wa mabasi mawili, hata mkiwa mmezaliwa kijiji kimoja. Jamaa wa kanisani, msikitini au wa chama cha kuchangiana hukutana wikendi, na kwa hao kilomita 15 si kitu.

Usalama na ubora wa shule sivipuuzi. Raj Chetty na wenzake walionyesha mwaka 2016, kwa kufuatilia familia za Marekani zilizopewa vocha za kuhama, kwamba watoto waliohamia mitaa yenye umaskini mdogo kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 31, huku waliohama wakiwa vijana wasipate faida hiyo. Mwenye watoto wadogo ana sababu ya kulipia mtaa mzuri. Mwenye kijana wa kidato cha tatu aangalie zaidi asimhamishe tena karibu na mitihani. Ila tusihukumu kwa sifa za kusikia. Tovuti ya polisi huonyesha matukio ya uhalifu barabara kwa barabara, na ripoti za wakaguzi wa Ofsted, ambao Septemba 2024 waliacha kuipa shule ya serikali alama ya jumla ya neno moja, zinasomeka bure.

Njia iliyo salama, kwa familia inayoweza kuivumilia, ni mwenye ajira kutangulia na kukaa kwenye chumba cha muda huku akipima. Apime safari ya Jumapili asubuhi, siyo ya Jumanne mchana, maana ratiba ya Jumapili huchelewa kuanza wakati wodi haijui Jumapili. Tarehe 25 Desemba treni hazitembei kabisa na mabasi ya London hulala. Apite njia ya kutoka shuleni kwa miguu, akikumbuka kwamba mwezi huohuo jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Asitume pesa kwa nyumba aliyoiona kwa picha tu. Dipoziti kisheria haizidi pango la wiki tano kwa nyumba za kawaida, na Sheria ya Haki za Wapangaji iliyopitishwa mwaka 2025 imelenga kumzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya mwezi mmoja wa pango kabla ya upangaji kuanza, na kumruhusu mpangaji kuondoka kwa notisi ya miezi miwili. Nyumba ya kwanza, basi, inaweza kuwa ndogo na isiyopendeza, bora iwe ndani ya umbali wa kutembea hadi shule yenye nafasi mbili katika madarasa sahihi.