Utafiti wa Ufipa na gharama ya kuuchapisha

Msimu wa mahindi wa 2024, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulinunua kilo kwa shilingi 650, baada ya Rais Samia kupandisha bei akiwa ziarani Rukwa. Kwa bei hiyo, gunia la kilo 100 la mkulima wa Mollo, Sumbawanga, lilimpa shilingi 65,000. Mtafiti anayetaka makala yake kuhusu mahindi hayohayo isomwe bure katika jarida la kimataifa hutozwa mara nyingi dola 2,000 au zaidi. Hayo ni magunia 80 hivi, kwa makala moja.

Uchapishaji huria, yaani wa makala zinazosomwa bure, uliotangazwa Budapest mwaka 2002, ulikusudiwa kumfaa msomaji asiye na fedha, na kweli umemfaa. Mwanafunzi wa kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) mwenye simu na bando anasoma makala ambazo zamani zilihitaji maktaba tajiri. Ila gharama haikufutwa, alibadilika mlipaji. Chuo cha Ulaya chenye mkataba na wachapishaji humlipia mhadhiri wake, wala yeye haioni ankara. Wa kwetu hutegemea fedha za mradi au mfuko wake. Akikosa vyote, hupeleka kazi kwenye jarida linalomtoza msomaji, na wenzake wa hapahapa nchini hawaipati.

Wachapishaji hujibu kwamba kuna misamaha ya ada. Ipo, lakini inayumba. Kampuni nyingi hufuata madaraja ya Benki ya Dunia, na Julai 2020 Tanzania ilipanda kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Kwa baadhi yao, msamaha kamili ukageuka nusu, na nusu hiyo bado ni magunia 40. Majarida yanayochanganya makala za bure na za kulipia mara nyingi hayasamehi kabisa. Na tusidhani biashara hii inahemea juujuu: mwaka 2023 kitengo cha kampuni ya RELX kiitwacho Elsevier, mchapishaji wa majarida ya kisayansi, kiliingiza zaidi ya pauni bilioni 3, na faida ya uendeshaji ikawa karibu asilimia 38. Wanaohakiki makala hizo, wakiwemo Watanzania, kwa kawaida hawalipwi.

Ufipa, nchi ya Wafipa mkoani Rukwa, inaijua kwa muda mrefu hali hii ya kuandikwa na kusomwa mbali. Malungu, yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma, yalimpa Bertram Mapunda shahada ya uzamivu Florida mwaka 1995; kitabu chake juu ya uhunzi wa Wafipa kilitolewa Kampala mwaka 2010. Kilimo cha intumba nacho, ambapo nyasi hufukiwa kwenye tuta zikaoza kuwa mbolea, kimeandikwa sana kwa lugha za kigeni. Mwenye jembe ni nadra kuletewa hata ukurasa mmoja.

Brazili ilionyesha njia mapema: tangu miaka ya 1990 mfumo wa SciELO unaendeshwa kwa fedha za umma, kwa majarida yao wenyewe. Sisi tunayo Tanzania Journal of Science na Kioo cha Lugha, na tovuti ya AJOL inayoyabeba majarida ya Afrika tangu 1998. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na vyuo vyetu viyape majarida haya wahariri wanaolipwa na bajeti ya kila mwaka, na kila utafiti wa fedha za umma utoe muhtasari wa Kiswahili umfikie afisa ugani wa kata ya Mollo.