Sababu za Ulemavu wa Watoto katika Mawazo ya Watu wa Handeni na Korogwe

Wilaya za Handeni na Korogwe zimo katika Mkoa wa Tanga. Handeni ni nchi ya Wazigua hasa. Korogwe, iliyo kando ya Mto Pangani, hukaliwa na Wazigua, Wasambaa na Wabondei, pamoja na wazao wa wageni walioletwa na mashamba ya mkonge. Huku, kama kwingineko katika Tanzania, mtoto akizaliwa na kilema cha mguu, au akikawia kusimama dede, wengi huuliza kwanza "Nani?" kabla ya kuuliza "Nini?"

Majibu ni ya namna tatu. Wako wasemao kuwa ni kazi ya Mungu. Hao hawamtafuti mwenye kosa. Wako wasemao kuwa ni uchawi au shetani. Hao huenda kwa mganga apige ramli. Tena wako wasemao kuwa mwiko umevunjwa: mtoto amebemendwa, yaani mzazi mmoja amezini, au wazazi wamekutana mapema, naye mtoto angali akinyonya.

Neno hili, kubemenda, lastahili kuangaliwa. Asili yake si upumbavu. Mama akishika mimba upesi, mtoto huachishwa ziwa kabla ya wakati, akadhoofika. Mwiko ule ulimpa nafasi ya kukua. Lakini miguu ya mtoto ikilegea, mwiko hugeuka mashtaka, na mara nyingi mshtakiwa ni mama.

Hospitali hueleza sababu nyingine. Mtoto akikosa pumzi wakati wa kuzaliwa, ubongo waweza kudhurika na viungo kukakamaa. Malaria ikipanda kichwani huleta degedege, nayo yaweza kuacha kupooza. Polio ililemaza wengi, hata chanjo ikaishinda: mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alionekana mwaka 1996. Na mguu uliopinda tangu kuzaliwa huweza kunyoshwa kidogo kidogo kwa plasta, mtoto akipelekwa katika wiki zake za kwanza.

Basi, hasara ya kutafuta mkosaji ni siku zipotezwazo. Ramli ikipigwa, mguu wazidi kukomaa katika upotovu wake, na mama hubaki na aibu isiyo yake.

Wahenga walinena, "Hujafa hujaumbika." Methali hiyo haimtaji mchawi wala mzinifu, yamwonya kila mtu kwamba kilema chaweza kumfika yeye pia.