Filamu «Novembre»: Nani hasa aliyemfichua mwuaji?

Sinema za polisi zapendwa sana na vijana wetu, na wazazi wengi hawaoni ubaya wake. Mwovu akimbia, polisi amfuata, risasi zalia, mwishoni mwovu aanguka, na watazamaji warudi nyumbani wakisimuliana njiani. Lakini si kila mwovu wa sinema alitungwa kichwani mwa mtu. Pengine aliishi kweli. Wale aliowaua nao waliishi kweli, na mama zao wangali wakiwalilia. Hapo mtunga filamu hana tena uhuru wa mtunga hadithi. Ameshika mkononi mali ya watu wengine, naye atadaiwa hesabu yake.

Filamu ya Kifaransa iitwayo «Novembre» ni ya namna hiyo. Iliongozwa na Cédric Jimenez. Ilionyeshwa katika tamasha la sinema la Cannes mwezi wa Mei 2022, na tarehe 5 Oktoba mwaka uleule ikaingia katika majumba ya sinema ya Ufaransa, ambako zaidi ya watu milioni 2 waliitazama. Siku hizi filamu hazingoji tuende kwenye jumba la sinema. Zaingia nyumbani kwa televisheni na kwa simu, wala hazibishi hodi. Yafaa basi tuipime hii kabla haijaketi kati ya watoto wetu.

Mambo yenyewe yalivyokuwa

Ijumaa usiku, tarehe 13 Novemba 2015, timu ya Ufaransa ilikuwa ikicheza mpira na timu ya Ujerumani katika uwanja wa Stade de France, mjini Saint-Denis, karibu na Paris. Rais François Hollande alikuwa kati ya watazamaji. Yapata saa tatu na robo, mshindo mkubwa ulisikika nje ya uwanja: mtu alikuwa amejilipua kwa baruti aliyojifunga mwilini. Punde si punde, wengine wenye bunduki walipita katika mitaa ya Paris wakiwapiga risasi watu waliokaa kwenye baraza za mikahawa. Watatu waliingia katika jumba la muziki liitwalo Bataclan, wakawaua watu 90. Waliokufa usiku ule kwa jumla walikuwa 130, na mamia walijeruhiwa.

Kiongozi wao, Abdelhamid Abaaoud, alikuwa kijana wa Ubelgiji, wa jamaa iliyotoka Moroko. Polisi walidhani yuko mbali, katika nchi ya Siria. Kumbe alikuwa papo hapo. Usiku uleule kamera ya stesheni moja ya metro, huko Montreuil, ilimpiga picha akipita kama abiria yeyote. Alitafutwa kwa siku tano, hata alfajiri ya tarehe 18 Novemba. Siku hizo tano ndizo zinazosimuliwa katika filamu hii.

Filamu yaonyesha nini

Masimulizi yaanza Athens, Ugiriki, miezi kadhaa kabla. Wapelelezi wakaribia kumshika mtu wao, naye awaponyoka. Kisha twafika kwenye usiku wa Novemba. Ofisi ya polisi wanaopambana na magaidi imetulia. Simu moja yalia. Yalia ya pili. Mara zote zalia kwa pamoja. Tangu saa ile hakuna mtu apataye usingizi.

Mkuu wa wapelelezi, Fred, achezwa na Jean Dujardin, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2012. Wafaransa wamemzoea kwa kuwachekesha. Hapa hachekeshi hata mara moja. Pamoja naye yumo Héloïse, achezwaye na Sandrine Kiberlain, na mpelelezi kijana, Inès, achezwaye na Anaïs Demoustier, ambaye kwa kazi hiyo alipendekezwa kupewa tuzo ya César mwaka 2023.

Yaliyo mema

Jambo la kwanza la kusifu ni lile lisiloonekana. Mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Hatuingizwi Bataclan, wala hatutazami maiti. Twaona nyuso za wale wanaopokea habari, na hiyo yatosha. Watunga filamu wengi wangalifanya kinyume, maana damu huleta watu na watu huleta fedha. Jimenez alijizuia, na waliofiwa walistahili heshima hiyo.

La pili: kazi ya polisi yaonyeshwa jinsi ilivyo. Hakuna shujaa mmoja mwenye bastola anayeshinda wote. Kuna watu mia wenye macho mekundu, wasomao orodha za namba za simu, wasikilizao maneno yaliyonaswa, wafuatao gari usiku kucha na kugundua kwamba dereva hana hatia yoyote. Ushuhuda waletwa kwa maelfu, na karibu wote ni bure. Kijana anayeota kuwa polisi ataona hapa kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni uvumilivu.

La tatu: filamu haifichi makosa. Kwa haraka na hofu, polisi wafuata njia zisizofika popote. Inès mwenyewe afuata njia yake bila ruhusa, naye alipizwa kwa ukali. Twakumbushwa kwamba nia njema haitoshi mahali ambapo kosa la mmoja laweza kuwaua wengi.

Yaliyopungua

Hata hivyo filamu hii ina mbio mno. Yakimbia toka mwanzo hadi mwisho, na mtu akimbiaye haoni kando ya njia. Fred ana mke? Inès ana mama wa kumwombea salama? Hatuambiwi. Waweza kusema kwamba siku zile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukumbuka nyumbani. Ni kweli, lakini hivyo twawaona watu kama mashine, na machozi yao yatupita.

Lililopungua zaidi ni jirani. Alfajiri ya tarehe 18, saa kumi na dakika ishirini, polisi walilishambulia jengo moja la mtaa wa Corbillon, Saint-Denis, ambamo Abaaoud alikuwa amejificha. Mapigano yalidumu saa saba hivi. Katika jengo lile walikaa wapangaji maskini, wengi wao wageni katika Ufaransa, ambao hawakujua lolote. Baadhi yao walijeruhiwa, na wote walipoteza makao yao, wakapaswa kudai kwa miaka mingi watambuliwe kuwa nao wameumizwa. Mbwa wa polisi aitwaye Diesel aliuawa asubuhi ile, na Ufaransa nzima ililijua jina lake. Majina ya wale wapangaji, nani ayajuaye? Filamu yenye nguvu nyingi hivi ingaliweza kuwapa walau dakika moja.

Mwanamke aliyepiga simu

Sasa twafikia kiini cha mambo. Polisi hawakumfichua Abaaoud kwa mashine zao zote. Alifichuliwa na mwanamke mmoja wa kawaida, ambaye magazeti yalimpa jina la Sonia ili jina lake halisi lisijulikane.

Sonia alikuwa amemkaribisha nyumbani kwake msichana mmoja, Hasna Aït Boulahcen, kwa huruma tu, maana msichana huyo hakuwa na makao ya kudumu. Hasna alikuwa binamu wa Abaaoud. Jumapili usiku, siku mbili baada ya mauaji, Hasna aliitwa kwa simu aende Aubervilliers, kando ya barabara kuu ya magari. Sonia alifuatana naye. Katika giza, mtu akatoka kichakani. Sonia akamtambua: sura ile alikuwa ameiona katika televisheni.

Ewe msomaji, ungalifanya nini? Sonia hakukimbia. Alimwuliza mtu yule kwa nini ameua watu wasio na hatia. Yule akajivuna kwa matendo yake, akasema kwamba kazi bado haijaisha. Kesho yake Sonia alipiga simu kwa namba 197, iliyowekwa na polisi kwa ajili ya mashahidi. Mwanzoni ilikuwa vigumu kumsadiki. Kisha polisi walikielekeza kamera kile kichaka, wakangoja. Jumanne jioni Hasna alikuja kuwachukua Abaaoud na mwenzake, na wote wakafuatwa mpaka Saint-Denis. Asubuhi iliyofuata wote watatu walikufa katika jengo lile. Magazeti yaliandika kwa haraka kwamba Hasna alijilipua; baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba si yeye aliyefanya hivyo.

Tazameni wanawake wawili hawa. Mmoja alimletea ndugu yake msaada na kumtafutia mahali pa kulala, kwa sababu ni ndugu. Mwingine alifikiri juu ya watu asiowajua, ambao wangaliuawa siku za karibu, akawachagua hao. Kwetu udugu ni nguzo ya nyumba, nasi hatutaki uvunjike. Lakini ndugu ajaye usiku na damu mikononi, akiomba kufichwa ili aue tena, hadai udugu. Autumia kama ngao. Afadhali vijana wetu wafikiri juu ya swali hilo leo sebuleni, kuliko kulikuta kwa mara ya kwanza mlangoni usiku.

Kitambaa cha kichwani

Katika filamu, Sonia aitwa Samia, naye achezwa vizuri sana na Lyna Khoudri. Lakini Samia huyo amefunikwa kichwa kwa hijabu. Sonia mwenyewe havai hijabu. Aliposikia habari hiyo alikasirika, akapeleka shauri lake kwa wanasheria. Kabla filamu haijatoka walipatana: maneno yaliongezwa mwishoni kuwaeleza watazamaji kwamba shahidi wa kweli havai vazi lile.

Watu wengine watasema: kitambaa ni kitu gani? Isitoshe, wana hoja mbili ambazo hatuna budi kuzisikiliza. Ya kwanza ni kwamba kumbadilisha sura shahidi kwaweza kumlinda. Ya pili, kwamba ni vema Wafaransa waone mwanamke Mwislamu mwenye hijabu akiwaokoa, ili wasiwachanganye Waislamu na wauaji. Hoja ya pili ni njema, nasi twaipenda nia yake.

Lakini tufikiri juu ya mwanamke mwenyewe. Baada ya simu ile alihama nyumba yake, akaacha jina lake na watu aliowazoea. Wakati ule Ufaransa haikuwa hata na sheria ya kuwalinda mashahidi wa namna yake. Ilitungwa mwaka 2016. Kesi ya magaidi ilipofanyika, tangu Septemba 2021 hadi hukumu ya tarehe 29 Juni 2022, alishuhudia bila jina lake kutajwa. Mtu aliyepoteza vyote hivyo abakiwa na kitu kimoja tu: yale aliyoyatenda, na nani alikuwa alipoyatenda. Ukichukua tendo lake na kumvika dhamiri asiyokuwa nayo, umemnyang'anya hata hicho kimoja. Asante ya punda ni mateke, walisema wazee.

Na yale maneno ya mwishoni? Ni afadhali kuliko kunyamaza. Lakini nani asiyejua kwamba maneno ya mwisho wa filamu hupita watu wakiwa wamekwisha simama na kutafuta viatu vya watoto? Picha hukaa moyoni miaka, herufi hupita. Walakini palikuwa na njia nyingine za kumficha: umri, kazi, mtaa, idadi ya watoto. Kumficha mtu kwaruhusiwa. Kumsingizia imani au desturi isiyo yake ni kumshuhudia jirani uongo, hata kama uongo huo wampamba.

Hukumu yetu

«Novembre» ni filamu iliyofanywa kwa ustadi na kwa adabu kuliko nyingi za aina yake. Haichochei chuki, haiuzi damu, wala haimfanyi mwuaji kuwa mtu wa kupendeza. Tena twamwona mara chache sana. Watu wazima na vijana waliokomaa waweza kuitazama kwa faida. Kwa watoto haifai: mbio, vitisho vya mahojiano na moto wa bunduki wa Saint-Denis vitawasumbua usingizini, wala hawataelewa mambo yenyewe.

Wazazi watakaoitazama pamoja na vijana wao wasizime televisheni na kwenda kulala mara moja. Wawaulize maswali machache. Ni nani hasa aliyewaokoa watu wengine wasiuawe? Kwa nini polisi walikawia kumsadiki? Wapangaji wa jengo lile walikwenda wapi? Ungalikuwa wewe, ndugu yako akitoka kichakani, ungalipiga simu?

Kisha wawaambie lile ambalo filamu imeliambia mwishoni kwa herufi ndogo: mwanamke yule yupo, anaishi mahali fulani kwa jina lisilo lake, wala hakufanana na picha waliyoiona. Wakimkumbuka hivyo, kama alivyo, watakuwa wamemlipa sehemu ndogo ya deni.